Uzi Mwekundu Kwenye Kichupa

6 Machi

Mpendwa Sisimizi,

Hujambo wewe na wadudu wako? Mimi sijambo, kwa maana ya kwamba natembea. Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kuta za nyumba hii ni mbao tupu. Nikitamka "kunguni" chumbani kwangu, mpangaji wa chumba cha tano anaanza kujikuna.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Nina kunguni. Mimi niliyekulea, nikakusomesha kwa kodi ya vyumba hivi hivi mpaka ukawa daktari wa wadudu wa majumbani, mtu wa kuitwa redioni kueleza watu namna ya kulala salama, nina kunguni ndani ya nyumba yangu. Aibu imenivaa mwili mzima. Hata sokoni naenda na mikono mirefu, na jua hili.

Walianzia chumba cha nyuma, kwa Fundi. Unamkumbuka, yule mshona nguo aliyekushonea zipu ya begi lako ulipopita hapa Januari. Ulimwachia mezani kwake jioni, asubuhi ukalichukua ukakimbilia basi. Miaka minane anakaa kwangu na sijawahi kumsikia akipiga kelele, ila cherehani. Kila jioni natoa kiti changu mlangoni kwake, yeye anashona, mimi namsomea barua zako. Husema, "Huyu mtoto atatutoa kimasomaso." Basi wiki mbili zilizopita alinionyesha mkono ulioumwa, vipele vimejipanga mstari. Nikamwambia ni mbu. Akasema, "Mbu hawapangi foleni."

Sasa vyumba vitatu vimeingiliwa. Mama Redio, yule jirani wa ng'ambo ya barabara ambaye hana dogo, ameshaniuliza mbona natoa magodoro juani kila siku. Nikamwambia nayapa hewa. Akacheka.

Kwenye kifurushi hiki nimekuwekea kichupa cha vidonge. Wamo hai. Nimekizungushia plasta mara nne, kwa hiyo usinipe hotuba. Nataka uniambie ni kunguni wa aina gani, wanaogopa nini, na nani kaniletea. Hili la mwisho ndilo linaloninyima raha. Nataka kujua ni nani.

Dadako


15 Machi

Mpendwa Dada,

Pole sana. Kifurushi kimefika salama. Kwanza, ondoa hiyo aibu. Kunguni hawachagui msafi wala mchafu, wanafuata joto na pumzi ya mtu aliyelala. Nimeyasema haya redioni mara nyingi mpaka nimechoka, na nayasema tena kwako.

Usipulize dawa yoyote ya dukani. Nimewapima hawa wa kwenye kichupa na ni sugu: dawa iliyotosha kuwaua wengine mara kumi, hawa walitembea juu yake. Chemsha mashuka, anika vitu juani ndani ya mifuko myeusi iliyofungwa, ziba nyufa za vitanda. Usichome kitu. Kuchoma hakusaidii, kwa sababu wengi wao hawako kwenye godoro, wako ukutani.

Kuhusu walikotoka, ni vigumu kusema. Mara nyingi wadudu hawa huingia na fanicha zilizotumika, na mizigo ya wasafiri, au na nguo za mitumba. Kwenye nyumba yenye wapangaji wengi huwezi kumnyooshea mtu kidole.

Naomba unitumie wengine, hasa wa chumba cha nyuma. Ni kunguni muhimu sana kwa kazi yangu. Usugu wa kiasi hiki haujawahi kuandikwa kwenye nyumba za kawaida hapa kwetu.

Fundi amesema lolote?

Mdogo wako,
Sisimizi


24 Machi

Mpendwa Sisimizi,

Nimefanya, na nimemaliza.

Ulisema nguo za mitumba. Nani katika nyumba hii anapokea nguo za mitumba? Ni mmoja tu. Watu wanamletea masuruali na makoti ya mitumba ayapunguze, yanalala mezani kwake wiki nzima. Niliisoma ile sentensi yako mara tatu. Wewe ndiye mtaalamu, mimi ni nani wa kubisha?

Jumamosi saa nne asubuhi nilimwambia Fundi atoe godoro lake. Alidhani tunalianika. Nikalimwagia mafuta ya taa katikati ya barabara, nikawasha. Vitambaa vilivyokuwa mezani kwake vikafuata. Mama Redio aliita watu wote. Nilitaka waone, Sisimizi, nilitaka mtaa mzima uone kwamba uchafu haukuwa wangu. Nikasema kwa sauti, "Miaka minane nakulaza kwangu, kumbe unanifugia kunguni!" Nilisema na mengine. Hayo siyaandiki.

Alisimama tu na futi yake ya kupimia shingoni. Akaniuliza, "Sisimizi ndiye amesema ni mitumba?" Nikamwambia ndiyo, nina barua. Akaitoa ile futi, akaikunja taratibu akaitia mfukoni. Akasema, "Basi." Kisha akaingia ndani akatoka na cherehani begani na mkasi mkononi, akaondoka. Kiti chake kipo. Hakukichukua.

Unauliza amesema lolote. Hicho ndicho alichosema.

Na kunguni bado wapo. Jana wameniuma mgongoni. Nakuletea wengine kwenye kichupa.

Dadako


2 Aprili

Mpendwa Dada,

Barua yako nimeipata. Nilikuambia usichome.

Samahani, sikutaka kuanza hivyo. Ninatuma wanafunzi wangu wawili na mashine ya joto. Watatia joto kila chumba kuanzia asubuhi mpaka alasiri, ukutani na kitandani, na watarudi tena baada ya wiki mbili kuyamaliza mayai yaliyobaki. Wapangaji wote watoke siku hiyo. Mimi mwenyewe ningekuja ila nina makala ya kumaliza, na Mkuu wa Idara ananikalia kooni. Makala hii ikipita, jina langu litakwenda kwenye kamati ya uprofesa.

Kuhusu Fundi, pengine ulikuwa mkali mno. Hujui alikohamia?

Mdogo wako,
Sisimizi


19 Novemba

Mpendwa Profesa!

Acha niliandike tena: Profesa. Tangu barua yako ifike nimekuwa natembea kama mtu aliyeongezwa urefu. Mama Redio nimemtangazia mwenyewe, nikamwachia kazi ya kuwafikishia wengine. Nimeshanunua viatu vya kuja kukaa mstari wa mbele tarehe ishirini Januari, siku ya mhadhara wako. Vinabana kidogo lakini ni vya kukaa navyo, si vya kutembea.

Nyumba ni safi tangu Julai. Wanafunzi wako ni watoto wazuri. Mmoja alivunja dirisha.

Sasa sikiliza. Lile jarida ulilonitumia, lenye makala yako, nililiweka sebuleni wageni walione. Mwalimu wa chumba cha pili alilichukua akanisomea kwa lugha yetu, sentensi moja moja. Nilikuwa nafurahi mpaka tukafika mahali panaposema chanzo kinachodhaniwa ni mpangaji mmoja mzee, fundi nguo, aliyekuwa akilala katikati ya nguo za mitumba ambazo hazijafuliwa.

Hukuandika jina. Lakini mtaani kwetu mzee mshona nguo alikuwa mmoja. Na hakuwa akilala katikati ya nguo, Sisimizi. Meza yake ilikuwa upande wa dirisha na kitanda upande wa mlango, na chumba alikifagia mara mbili kwa siku. Nani alikuambia hivyo?

Nilimwona mwezi uliopita. Anashonea chini ya turubai nyuma ya kituo cha mabasi. Amekonda. Watu wa huku hawampelekei tena nguo, wanajikuna wakimfikiria tu. Nilipita upande wa pili nikageuza uso kama mwizi. Tangu siku hiyo kile kiti chake kinanitazama. Nimejaribu kumpa mtu mwingine, nimeshindwa.

Naomba unijibu neno moja tu, wewe unayejua. Niambie kwamba ni yeye. Niambie sikukosea, ili nivae viatu vyangu nije nikupigie makofi kwa moyo mmoja.

Dadako


28 Novemba

Dada,

Si yeye. Ni mimi.

Nimeandika sentensi hizo mbili halafu nikakaa asubuhi nzima nikizitazama. Maabara wanadhani naumwa.

Ninafuga kunguni, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba wapo wa kundi moja niliowaleta kutoka hoteli ya ng'ambo nilipokuwa nasoma. Ni sugu kuliko wote. Hawali kitu kingine ila damu, na kila Jumatano nakibandika kichupa chao pajani dakika kumi, wanakunywa kupitia kitambaa cha wavu. Miaka sita wanakula kwangu. Januari nilikwenda kuwafundisha wapuliza dawa wa manispaa na nikawachukua wachache wa kuonyesha. Sheria ya maabara, ambayo niliiandika mimi mwenyewe na imebandikwa mlangoni, inasema kichupa kiwe ndani ya chombo cha pili chenye mfuniko. Nilikuwa nimechelewa. Nilikitumbukiza kwenye mfuko wa begi.

Lile begi, Dada. Zipu iliharibika, nikamwachia Fundi mezani kwake.

Niliporudi chuoni nilitoa kichupa nikakuta wavu umefungwa kwa uzi mwekundu. Mimi hufunga kwa mpira. Ulikuwa uzi wa cherehani, umezungushwa vizuri, na mafundo matatu madogo. Ndani walikuwa wamepungua. Nikaelewa kwamba wavu ulilegea, kwamba wametoka, na kwamba Fundi aliona kitambaa kimelegea akakifunga kwa wema wake bila kujua anafunga nini. Nilijiambia labda walifia njiani. Nilijiambia hivyo mpaka barua yako ya Machi.

Niliwapima wale ulionitumia. Nikapima na vinasaba. Ni hao hao, Dada, watoto wa wale niliowalisha pajani. Majibu nikayafungia mezani. Nikakuandikia habari za mitumba. Nilijitia hamnazo na kujiambia kwamba nimetaja mambo matatu, na mizigo ya wasafiri ikiwemo. Lakini nilijua wewe utasoma lipi.

Kisha nikaandika makala kwamba kunguni sugu wamegunduliwa kwenye nyumba za watu, wakati niliwaleta mwenyewe. Hakuna nilichogundua. Mhariri aliuliza chanzo ni nini, nikamweka Fundi. Chumba chake nilikijua, na meza yake ya dirishani niliijua. Niliandika uongo huku nakiona kile chumba kilivyo.

Naona aibu mpaka kioo nakikwepa. Nilitaka kukuandikia Aprili, nikaona bado makala. Mwezi wa saba, nikaona bado kamati. Kila mara palikuwa na kitu kimoja tu cha mbele, nikipate kwanza ndipo niseme. Nimevipata vyote.

Umetaka neno moja. Hukumkosea Fundi kwa akili yako, ulimkosea kwa maneno yangu. Fanya unavyoona na barua hii.

Sisimizi


12 Desemba

Kwako Daktari,

Salamu. Dada yako alikuja Alhamisi adhuhuri. Alisimama mbele ya cherehani yangu kama mteja, nikadhani ameleta nguo. Akanipa barua. Nikamwambia maandishi madogo siku hizi siyaoni. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, akanisomea mwenyewe, kama alivyokuwa akinisomea zamani.

Nilikuwa nashona suruali ya mtu. Nilishona mguu mzima bila kuinua uso, maana ningesimamisha mashine ningesema maneno. Alipofika kwenye uzi mwekundu aliishusha barua. Hapo nikasimama, nikamwambia asome tu, naujua uzi wangu.

Uliandika kwamba sikujua nafunga nini. Usiku ule ni kweli, nilidhani ni vitu vya shule. Nilipoanza kuumwa nilijua ni wale wa kichupani. Nikasema, huyu mtoto ataandika mwenyewe, tumwachie. Ndiyo maana pale barabarani niliuliza ni nani aliyesema. Dada yako alipojibu kwamba ni wewe, ndipo nilipojua hutaandika. Sasa ningemwambia nini mbele ya wale watu? Hana mtoto, hana mume, alikuwa na wewe tu wa kujivunia. Nikaona bora liungue godoro.

Usidhani nilikuficha kwa kukupenda. Nilimfichia yeye. Wewe nilikungoja mpaka nikachoka, kisha nikakukasirikia, na mpaka sasa nimekukasirikia.

Mwezi uliopita yule mwalimu wa chumba cha pili alileta koti. Akaniambia, "Mzee, umo kitabuni," akanieleza imeandikwaje. Daktari, godoro nilikubali. Kitabuni sikukubali. Pale nimelala katikati ya nguo chafu milele, na watu wasionijua wananisoma.

Sitaki kitu chako. Nataka ile sentensi itoke.

Dada yako ameniomba nirudi. Sijamjibu.

Fundi, zamani wa chumba cha nyuma


18 Desemba

Kwa Mhariri wa Jarida
Nakala: Mkuu wa Idara

Ndugu Mhariri,

Naomba makala yangu kuhusu kunguni sugu katika nyumba za kupanga iondolewe yote. Kunguni walioelezwa humo hawakuwa wa nyumba ile. Walitoroka kutoka kwenye mzigo wangu, na jambo hilo nililijua kabla ya kuandika. Majibu ya vinasaba niliyoyaficha nimeyaambatanisha.

Sentensi inayomtaja fundi nguo kuwa chanzo ni ya uongo. Chumba chake kilikuwa safi. Naomba maneno hayo yachapishwe kama nilivyoyaandika hapa, yasipunguzwe.

Kwa Mkuu wa Idara: sistahili cheo nilichopewa kwa makala hiyo, na mhadhara wa tarehe ishirini Januari naomba ufutwe.

Wako,
Mwandishi wa makala


9 Januari

Sisimizi,

Nakala ya barua yako kwa wakubwa imefika. Nilimpelekea Fundi nikamsomea. Alinitaka nirudie pale panaposema chumba chake kilikuwa safi. Nikarudia. Akasema, "Kilikuwa safi kweli," akaendelea kushona.

Bado sijakusamehe, usije ukajipa moyo. Kuna saa nakumbuka ulivyokuwa unafuata sisimizi kwa magoti mpaka chini ya kitanda changu, nacheka peke yangu. Halafu nakumbuka ule moto. Kiberiti nilikishika mimi, na hilo siwezi kukuachia wewe. Nimemwomba radhi tukiwa wawili. Ameniambia kumtukana sikumtukana tukiwa wawili.

Kwa hiyo Mama Redio alipokuja kuniuliza kama ni kweli mhadhara umefutwa, nikamwambia haujafutwa, umehamishwa. Utakuwa hapa barabarani, Jumamosi saa nne asubuhi, pale kwenye lami palipobaki alama nyeusi. Nimemwomba aite watu wote aliowaita siku ile, na wengine. Ameshaanza, unamjua.

Nitasema kwanza mimi, kisha wewe. Utaeleza kama ulivyonieleza kwenye barua: hoteli, paja, wavu, zipu, uzi. Usitumie maneno ya chuoni. Fundi amekubali kuja, na nitamtolea kile kiti chake akae mbele. Kuhusu kurudi chumba cha nyuma, amesema atanijibu akishatusikiliza.

Viatu vyangu vipya nitavivaa. Chumba cha kulala nimekuandalia, shuka nimezichemsha.

Usije na begi.

Dadako